Mfasiri mmoja, wateja wengi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ninaulizwa tena na tena na wafasiri na wakalimani wanaoanza kujitegemea, mengine kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne saa tano za usiku. Ninaishi Dar es Salaam. Natafsiri kati ya Kiingereza na Kiswahili kwa wateja sita au saba kwa wakati mmoja, nafanya ukalimani mara mojamoja, na jioni mbili kwa wiki nafundisha Kiswahili kwa wageni. Kama wewe ni fundi cherehani, mpiga picha au unatunza hesabu za maduka ya watu, mengi yatakugusa vilevile. Majibu yanatajana kwa namba ili nisirudie maneno.

## Kuanza

1. Nina wateja wawili tu. Kweli nahitaji mpangilio?

Unahitaji daftari moja. Wateja wawili hawatakulemea kwa kazi. Watakulemea siku wote wawili wanapoandika "vipi, ile kazi?" na wewe hukumbuki ulimwahidi nani, nini, lini. Kazi yenyewe kichwa huihifadhi vizuri, maana umeisoma na umehangaika nayo. Ahadi ndiyo inayopotea, kwa sababu huitoa ukiwa kwenye daladala, mkono mmoja umeshika chuma na mwingine simu.

Kwa hiyo mimi huandika ahadi. Kila ninapomwambia mtu "nitakutumia", "nitakuangalizia" au "tuongee Jumatatu", inaingia daftarini kabla simu haijarudi mfukoni. Mengine yote hapa chini yamejengwa juu ya tabia hiyo moja.

2. Daftari la karatasi au programu?

Chochote utakachokifungua kila asubuhi bila kulazimishwa. Nimewahi kulipia programu ya kupanga kazi yenye rangi na vibao vya kusogeza, nikaitumia siku kumi na moja. Sasa nina daftari la mistari kwa ajili ya ahadi, jedwali moja la Excel kwa ajili ya kazi na fedha, na kalenda ya simu kwa ajili ya saa. Vitu vitatu, na kila kimoja kina shughuli yake. Ukianza kuandika jambo lilelile sehemu mbili, moja itakuwa ya uongo ndani ya wiki.

3. Niandike nini kwa kila kazi?

Jina la mteja na la mtu ninayewasiliana naye, maana kwa wakala wa tafsiri mameneja wa miradi hubadilika. Idadi ya maneno ya matini chanzi, yaani maandishi ya kutafsiriwa. Bei, na namba ya oda kama ipo. Siku na saa ya kukabidhi, tayari imegeuzwa kuwa saa yetu (swali la 6). Aina ya Kiswahili kinachotakiwa (swali la 11).

Halafu kuna safu moja ambayo wengi hawana, nayo imeniokoa kuliko zote: *nani anamsubiri nani*. Kila kazi iko katika moja ya hali mbili. Ama mteja ananisubiri mimi, ama mimi namsubiri mteja anijibu swali, anitumie faili lililosahihishwa au anilipe. Asubuhi nasoma safu hiyo peke yake. Wanaonisubiri ndio kazi ya leo. Ninaowasubiri kwa zaidi ya siku mbili wanapata ujumbe mfupi wa kukumbushwa kabla ya saa nne. Kazi nyingi zinazoitwa "zimechelewa" zilikuwa zimelala tu, kila upande ukidhani mwenzake ndiye anayeshughulika.

4. Nitajuaje kama naweza kuongeza mteja mwingine?

Jua kwanza uwezo wako wa siku, kisha uamini namba hiyo kuliko ujasiri wako. Mimi hujihesabia maneno 2,000 ya chanzo kwa siku ya kawaida. Kuna siku nafika 3,000, lakini siku hiyo siihesabu, kama vile mkulima hapangi ada ya shule kwa kutegemea mwaka wa mvua nzuri.

Tuchukue kijitabu cha afya cha maneno 9,000. Kutafsiri ni siku nne na nusu. Kukisoma upya chote kwa macho mapya ni siku moja. Nusu siku inaondoka kwenye istilahi na maswali kwa mteja. Hizo ni siku sita za kazi hiyo peke yake. Kama una darasa jioni mbili na mteja mwingine wa kila wiki, ukiahidi siku sita umedanganya. Ahidi nane au tisa. Ukimaliza siku ya saba, kabidhi siku ya saba. Sijaona mteja aliyelalamika.

Swali la kujiuliza kabla ya kukubali ni hili: kazi hii itakaa siku zipi? Usiseme "nitaibana mahali". Itaje kwa majina ya siku: Jumanne na Jumatano. Ukikosa majina, huna nafasi.

5. Niigawe vipi siku moja kati ya wateja wengi?

Wawili kwa siku, wasizidi. Kila unapohama kutoka mkataba wa ardhi kwenda tangazo la sabuni, akili inachukua muda kuhama na wewe. Asubuhi nampa mwenye matini ngumu. Baada ya adhuhuri namwekea mwenye uhariri, masahihisho, ankara na barua pepe. Mteja wa tatu akipiga simu, anaandikwa, anaambiwa siku yake, na siku hiyo inaheshimiwa.

## Saa na tarehe

6. Mteja yuko nje na kaandika saa ya kwao. Niiandikeje?

Igeuze mara moja, iandike kwa saa yetu, halafu umrudishie mteja akiwa ameiona: "Nitakabidhi Jumanne tarehe 14, saa 17:00 ya Nairobi na Dar es Salaam." Mfumo wa saa 24 hauna asubuhi wala jioni ya kugombania.

Sisi tuna mtego wetu wa ziada. Saa ya Kiswahili huhesabiwa kuanzia mapambazuko, kwa hiyo saa tatu asubuhi kwetu ni 9:00 kwenye kompyuta. Kwenye daftari langu naandika tarakimu za kompyuta tu, na kwa mdomo nasema kama kawaida. Nilijifunza kwa aibu: mwanafunzi wangu, mgeni aliyekuwa amejua namba lakini hajafika somo la saa, aliambiwa "tukutane saa tatu asubuhi". Akajiuliza ni masomo gani haya ya alfajiri, akaweka kengele, akaingia darasani mtandaoni saa tisa usiku. Nilikuta picha ya skrini aliyonitumia, yuko peke yake, kikombe mkononi. Kosa lilikuwa langu.

Angalia pia herufi. EAT ni saa ya Afrika Mashariki. EST ni ya mashariki ya Marekani wakati wa baridi, saa nane nyuma yetu. Ukisoma haraka zinafanana, na saa nane ni siku nzima ya kazi.

7. Mbona mteja wa London alikuwa nyuma kwa saa tatu na sasa ni mbili?

Kwa sababu wao husogeza saa, sisi hatusogezi. Ulaya na Uingereza husogeza Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Marekani husogeza Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo New York huwa nyuma yetu kwa saa nane wakati wa baridi na saba wakati wa joto. Kuna wiki mbili au tatu za Machi, na wiki moja hivi kati ya Oktoba na Novemba, ambapo Marekani na Ulaya hazitembei pamoja. Kikao cha watu watatu kikipangwa katika wiki hizo, thibitisha saa upya hata kama ni kikao cha kila wiki. Tarehe hizo nne nazitia kwenye kalenda kila Januari.

Muscat iko mbele yetu kwa saa moja mwaka mzima. Kongo ina saa mbili: Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa mbili, Goma na Lubumbashi kwa saa moja.

8. Kaniambia "usiku wa Ijumaa". Ni lini hasa?

Inategemea aliyesema ni nani. Kwa hesabu ya zamani ya pwani siku huanza magharibi, jua linapozama, kwa hiyo mzee wa Zanzibar au Lamu akisema usiku wa Ijumaa anaweza kumaanisha Alhamisi baada ya magharibi. Kijana wa Nairobi anamaanisha Ijumaa yenyewe. Watangazaji hukwepa kwa kusema "usiku wa kuamkia Ijumaa". Wewe kwepa kwa kuandika tarehe na saa.

Tarehe zenyewe ziandike kwa jina la mwezi. 04/05 kwetu ni tarehe 4 Mei. Kwa Mmarekani ni tarehe 5 Aprili. Karibu mwezi mzima unapotea kwenye mkwaju mmoja.

9. Nishughulikieje sikukuu na wikiendi zisizolingana?

Oman hupumzika Ijumaa na Jumamosi. Umoja wa Falme za Kiarabu walihamia Jumamosi na Jumapili Januari 2022, na ofisi za serikali kufanya kazi nusu siku Ijumaa. Meneja wa Muscat ataandika Jumapili asubuhi akiwa mbichi kabisa, wakati wewe unatoka kanisani au unakula mihogo na watoto. Hana kosa. Mwambie mapema siku zako.

Sikukuu zetu nazo wateja hawazijui. Nairobi watafunga tarehe 1 Juni, 20 Oktoba na 12 Desemba. Dar watafunga 7 Julai, 8 Agosti na 9 Desemba. Idi inafuata mwandamo, kwa hiyo usiahidi kitu siku inayotarajiwa wala siku inayofuata. Mwishoni mwa Desemba wateja wa Ulaya huwa na desturi moja: wanakutumia kazi kubwa wakiwa njiani kwenda likizo na kuandika kwamba wataihitaji wakirudi. Amua Novemba kama utafanya kazi Krismasi, na bei yake. Ukingoja tarehe 22 utaamua kwa huruma.

## Kutochanganya kazi

10. Niyapange na kuyaita vipi mafaili?

Folda moja kwa kila mteja, ndani yake folda moja kwa kila kazi, na ndani ya kazi folda tatu: yaliyokuja, yanayofanyiwa kazi, yaliyokwenda. Jina la faili lianze na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, mfano 20250314, kisha jina fupi la mteja, kisha lugha. Kompyuta itayapanga yenyewe. Neno "mwisho" lisiwemo kwenye jina la faili. Nimeona "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho kweli" kwenye folda moja, na lililotumwa lilikuwa la kwanza.

11. Wote wanataka "Kiswahili sanifu", lakini mmoja yuko Nairobi na mwingine Dodoma. Nisichanganyeje?

Kila mteja awe na ukurasa wake wa istilahi, na ufunguliwe kabla ya faili. Mteja wa Kenya atakubali rununu, tarakilishi, shule ya upili, kaunti. Wa Tanzania anataka simu ya mkononi, kompyuta, shule ya sekondari, halmashauri. Wakati wa korona Tanzania ikashika UVIKO-19, na mhakiki wa Kenya alipoikuta akaiwekea alama nyekundu kama kosa la tahajia. Hakuna kati yao asiyejua Kiswahili. Kila mmoja anawaandikia wasomaji wake.

Kwenye ukurasa huo naweka mambo manne: maneno yaliyokubaliwa, maneno aliyoyakataa (haya ni muhimu zaidi, kwa sababu mteja hayasahau), anamwitaje msomaji, "wewe" au "ninyi", na tarakimu ziandikweje. Kila anaporudisha masahihisho, naongeza. Memori ya tafsiri, yaani hazina ya tafsiri zako za zamani ambayo programu huchota mapendekezo humo, nayo itenganishwe kwa kila mteja. Ukiyachanganya yote kwenye hazina moja, programu itakupendekezea maneno ya benki ndani ya kijitabu cha unyonyeshaji, na saa tano za usiku utakubali.

Kuhusu Kiswahili cha Kongo: wakala akikiandika kama lugha ya pekee kwenye oda, anamaanisha hivyo. Kama hukukulia Goma, Bukavu au Lubumbashi wala hujafanya kazi na wasomaji wa huko, ikatae kazi hiyo na umpendekeze anayeweza.

12. Wateja wananipa kazi kwa WhatsApp. Nifanyeje?

Huwezi kuwazuia, na mteja wa hapa nyumbani asipokupata WhatsApp atamtafuta mwingine. Ila kazi isianze ikiwa bado iko WhatsApp. Nakili ombi, liweke kwenye jedwali, kisha umjibu palepale kwa muhtasari: "Sawa dada, nimepokea kurasa 6, takriban maneno 1,800, nitakuletea Alhamisi saa 16:00, bei ni ile ile." Akijibu "sawa" hata kwa kidole gumba, una makubaliano. Ujumbe wa sauti ninausikiliza mara moja na kuandika kilichosemwa. Sirudi kuusikiliza tena, maana yule wa dakika nne ana jambo moja tu na liko dakika ya tatu.

13. Nimemtumia mteja faili la mteja mwingine. Nimekwisha?

Bado. Mwandikie aliyepokea sasa hivi, umwombe alifute na akuthibitishie kwamba amelifuta. Kisha mwambie mwenye faili, kabla hajasikia kwa mwingine, hasa kama mna mkataba wa usiri. Nimepitia hili. Faili lilikuwa sahihi, ila juu ya kila ukurasa lilibeba jina la shirika jingine, kwa sababu nilianza kazi kwa kunakili faili la zamani. Tangu hapo kila kazi naianza kwa faili tupu, na kabla ya kutuma nakifungua kiambatisho chenyewe kutoka ndani ya barua pepe, nikisome kichwa na mkia.

## Kukataa, kuchelewa, kugawa

14. Wawili wanataka siku ileile. Nimpe nani?

Aliyeahidiwa kwanza. Si anayelipa zaidi, wala anayepiga kelele zaidi. Ukianza kupima kwa bei kila mara, hakuna ahadi yako itakayokuwa na thamani, na mji huu ni mdogo, watu wanaongea.

Wa pili usimjibu "hapana" tupu. Mpe vitu viwili achague: "Naweza kukupa yote Ijumaa, au kurasa tano za kwanza Jumatano na zilizobaki Ijumaa." Mara nyingi utagundua kwamba alihitaji ukurasa mmoja tu wa kwenda nao kikaoni.

15. Naona nitachelewa. Nimwambie lini?

Siku unayoona, hata kama bado una matumaini. Mteja aliyeambiwa siku mbili kabla anaweza kusogeza mchapishaji wake. Aliyeambiwa saa moja baada ya muda hawezi kitu. Eleza ulipofika, saa mpya, na unachoweza kumpa sasa. Sababu itoshe sentensi moja. Na saa hiyo mpya usiibane: kuchelewa mara moja wanasahau, mara ya pili kwenye kazi hiyohiyo hawasahau.

16. Naweza kumpa mwenzangu sehemu ya kazi?

Kama mteja anajua na mkataba unaruhusu, ndiyo. Mikataba mingi ya wakala inakataza bila idhini ya maandishi, kwa hiyo soma. Panga na mwenzako malipo kabla, na umlipe siku mliyokubaliana hata kama wewe hujalipwa. Na tenga muda wa kuihariri kazi yake; hati ya maneno 3,000 iliyofanywa na mtu mwingine bado itakula saa kadhaa za siku yako.

## Fedha

17. Nitume ankara lini, na nifuatilie vipi?

Siku ya kukabidhi, saa hiyohiyo. Kama mteja anataka ankara moja ya mwezi, iwe tarehe ya mwisho ya mwezi. Wakala hulipa baada ya siku 30, 45 au hata 60, na siku hizo huhesabiwa tangu ankara ifike, kwa hiyo kila wiki unayochelewa kuandika umejiongezea mwenyewe. Kwenye jedwali naweka safu tatu: tarehe ya ankara, tarehe inayotakiwa kulipwa, tarehe iliyolipwa. Ya tatu ikiwa tupu baada ya ya pili kupita, anaingia kwenye orodha ya ninaowasubiri (swali la 3).

18. Mteja hajalipa na analeta kazi nyingine. Nikubali?

Nisingekubali. Mwandikie kwa upole kwamba ankara namba fulani ya tarehe fulani bado iko wazi na utafurahi kuendelea ikishafungwa. Anayekusudia kulipa hatachukia. Kwa mteja mpya wa hapa nyumbani, nusu kabla ya kuanza ni kawaida, kama fundi anavyochukua advansi.

19. Kodi inaingiaje kwenye mpangilio?

Inaingia kwa karatasi. Tanzania, kampuni inayokulipa kwa huduma hukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mkazi. Kenya nako ada za kitaalamu za mkazi hukatwa asilimia 5. Fedha hiyo imelipwa kwa jina lako, lakini bila cheti cha zuio utashindwa kuidai. Ukiwa na wateja saba hivyo ni vyeti saba vya kufuatilia, na mhasibu wa kampuni humkumbuka anayemkumbusha. Nina folda moja ya vyeti kwa mwaka.

Kwa mtu binafsi, ritani (taarifa ya mapato unayopeleka mamlaka ya kodi) ya mwaka uliopita mwisho wake ni tarehe 30 Juni kwa nchi zote mbili. Tanzania pia kuna makadirio ya kupeleka kabla ya mwisho wa Machi na malipo ya robo mwaka. Viwango huguswa na bajeti ya kila Juni, kwa hiyo muulize mhasibu Julai, usitegemee ukurasa kama huu. Na kila malipo yakiingia, hamisha fungu la kodi kwenye akaunti nyingine siku hiyohiyo. Likibaki kwenye M-Pesa litanunua samaki.

## Yaliyo pembeni

20. Nina ajira na hizi ni kazi za pembeni. Kuna la tofauti?

Soma mkataba wako wa ajira kwanza, kisha tenganisha vifaa: kompyuta ya mwajiri isiguse kazi ya mteja, wala barua pepe ya ofisi. Uwezo wako wa siku (swali la 4) uhesabu kwa saa zilizobaki baada ya foleni ya kurudi nyumbani. Kwa wengi ni maneno 500 ya uhakika. Waambie wateja hivyo.

21. Wateja wangu wawili ni washindani. Ni tatizo?

Kampuni mbili za simu, kwa mfano. Kama hakuna mkataba unaokataza, unaweza kuwafanyia kazi wote wawili, ila usimtaje mmoja mbele ya mwingine hata kwa sifa, na kazi zao zisikae kwenye siku moja. Mkiwa na mkataba wa usiri, hata jina la mteja kwenye wasifu wako linaweza kuwa kosa.

22. Ukalimani unaingiliana na tafsiri. Niupange vipi?

Siku ya mkutano ihesabu imekufa kwa mambo mengine. Kibandani, wakalimani wawili tunabadilishana kila baada ya nusu saa hivi, na wengine hudhani nusu saa ya kupumzika ni ya kutafsiri vitu vingine. Si kweli, unamwandikia mwenzako majina na tarakimu. Funga pia nusu ya siku iliyotangulia, kwa sababu hotuba huletwa usiku wa mwisho, ukiwa na bahati. Siku inayofuata nampa mteja wa uhariri mwepesi, maana kichwa kinakuwa bado kinasikia sauti mbili.

23. Umeme ukikatika au intaneti ikipotea?

Weka Luku (umeme wa kulipia kabla) ya akiba, chaji kompyuta mapema, na uwe na laini za mitandao miwili zenye bando. Faili la kazi ya leo liwe kwenye kompyuta yenyewe pamoja na nakala ya mtandaoni. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, nchi nzima ilitambaa, na waliokuwa na laini mbili wakagundua kwamba zote zinapita njia ileile. Siku ile kilichonisaidia ni mafaili yaliyokuwa tayari kwenye mashine na namba za simu za wateja zilizoandikwa kwenye karatasi.

24. Nikipata msiba au ugonjwa?

Utaondoka, na utaondoka usiku huohuo kwa basi la kwanza. Kwa hiyo andaa leo: ujumbe wa sentensi tatu ulioandikwa tayari, usio na jina la mteja wala tarehe, na mwenzako mmoja mnayeaminiana anayejua jedwali lako liko wapi. Mimi na mwenzangu tumekubaliana kwamba yeyote akituma neno "nimeondoka", mwingine anawaandikia wateja wote wenye kazi ya wiki hiyo. Tumelitumia mara mbili. Wateja walikuwa waelewa kuliko nilivyotarajia, hata yule mkali.

25. Nyumbani wanadhani sina kazi. Nifanyeje?

Shangazi akipiga simu saa nne asubuhi na kusema "si uko tu nyumbani, nenda kanilipie maji", usimpe somo la kujitegemea. Mwambie: "Shikamoo shangazi. Niko kazini mpaka saa saba, nitakwenda saa nane." Kisha uandike daftarini, kwa sababu hiyo nayo ni ahadi, na uende saa nane. Baada ya miezi michache alianza kunipigia saa nane.

26. Nimeshalemewa tayari. Kuna kazi sijui hata ziko ngapi. Nianzie wapi?

Zima data kwa saa moja. Chukua karatasi, uandike kila mtu anayekudai kitu, ukipita WhatsApp, barua pepe na kumbukumbu yako, kwa mpangilio wowote. Usifanye kazi hata moja kwanza. Kisha weka alama kwa zile ambazo muda umeshapita, na uwaandikie hao wote leo, kila mmoja saa mpya unayoiweza (swali la 15). Hiyo itachukua kama saa mbili na ni saa mbili chungu.

Baada ya hapo kuna kazi moja au mbili ambazo ukiwa mkweli hutazifanya kamwe. Zirudishe, pamoja na advansi kama ulichukua. Iliyo fupi kuliko zote ifanye jioni hiyohiyo na uitume, hata kama ni barua ya ukurasa mmoja. Karatasi ile usiitupe. Kesho asubuhi inakiliwe kwenye jedwali, na safu ya kwanza kujazwa iwe ile ya nani anamsubiri nani.